Mvua za Radi Kavu

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na kabla haijakatika kaka yangu amemvunja mtu pua kwa gitaa.

Naandika kwa penseli kwa sababu vidole vimevimba na kalamu inateleza. Ukumbi ulikuwa umejaa nusu. Sisi ni watatu: Kaka kwenye gitaa la solo, mimi kwenye besi, Dobi kwenye ngoma. Bendi inaitwa Radi Kavu. Haina mwimbaji, haijawahi kuwa naye, na Kaka ameapa kwamba siku tukimleta mwimbaji yeye atarudi kutengeneza redio za watu mpaka afe. Muziki wetu ni ule wa mawimbi. Gitaa linapigwa mbio kwenye uzi mmoja mpaka linatetema, kisha sauti inapita kwenye sanduku lenye springi ndani na kutoka ikiwa imelowa, kama imepigwa kwenye pango lenye maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona bahari. Kaka aliupata muziki huu kwenye santuri isiyo na jina, ndani ya mashine ambayo mteja aliileta na hakuirudia. Aliifungua ile mashine mara tatu kutafuta ubovu, ndipo akagundua kwamba mtetemo ule ulikuwa ndio muziki wenyewe.

Leo, kwenye kibao cha tatu, jamaa mmoja mnene aliyesimama mbele kabisa akaanza: "Imbeni! Mmekatwa ndimi? Imbeni!" Watu wakacheka. Akarudia. Kisha akarusha chupa, ikapita karibu na sikio langu, ikapasukia ukutani. Kaka hakuacha kupiga. Alisogea hadi ukingoni mwa jukwaa huku anapiga, akamaliza mzunguko wake, akalivua gitaa begani taratibu kama mtu anayevua koti, akampiga nalo usoni. Waya ulikuwa bado umechomekwa, kwa hiyo pua ilivunjikia ndani ya spika, na sauti yake nayo ilikuwa imelowa.

Ukumbi mzima ulishangilia. Mimi nilicheka.

Jumatatu, 4 Machi

Mama alinivizia jikoni kabla sijaenda kufundisha.

"Nasikia mmempiga mtu."

"Kaka ndiye aliyempiga, mama."

"Ndivyo nilivyosema." Alikuwa anakatakata vitunguu bila kuviangalia. "Baba yenu alitoka hapa na ngumi zake, nikaletewa shati. Na huyu mkono wake ni ule ule. Wewe umesoma, unaona mbali. Kila Jumapili unirudishie mwanangu akiwa mzima. Sikuombi kitu kingine."

"Mama, ana miaka thelathini."

"Nimekuuliza umri wake?"

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi. Tunafanyia kwenye chumba cha kuanikia, nyuma ya mashine za kufulia, pale Dobi anapofanya kazi. Msimu wa mvua nguo hazikauki nje, basi shuka za hoteli na za hospitali zinaning'inia toka ukuta hadi ukuta, na sisi tunapiga katikati yake kama watoro. Shuka mbichi hunywa sauti. Ndiyo maana tunapiga kwa nguvu kuliko bendi yoyote ninayoijua. Tumejifunzia mahali pasipotusikia.

Tuna sheria zetu. Jukwaani hakuna anayesema neno, hata "samahani". Kaka hutuongoza kwa mguu. Kisigino mara moja, tunahamia sehemu nyingine. Kisigino mara mbili, tunasimama. Akilipiga teke sanduku la mwangwi, springi zinagongana ndani na kutoa ngurumo inayotikisa kifua, na hiyo ni amri ya kuongeza kasi maradufu. Hapo mimi huwapa watu mgongo na kumgeukia Dobi, kwa sababu mguu wake ndio saa yangu. Kaka hunyamaza mizunguko minne, ngurumo ikimalizika, kisha anatushukia toka juu. Mizunguko ile minne ndiyo watu wanayoipendea Radi Kavu.

Leo Dobi aliingia amechelewa.

"Umechelewa," Kaka akamwambia.

"Kidogo tu, Fundi."

"Kidogo cha nani? Ngurumo ikilia unaingia. Unangoja kadi ya mwaliko?"

"Nilikuwa nafuta jasho."

"Haya, futa na hili."

Akampiga ngumi ya mdomo. Dobi alikwenda kwenye sinki, akatema, akavua shati, akalitia kwenye maji. Nilimfuata.

"Maji ya baridi, Mwalimu," akasema, mdomo umeanza kuvimba. "Ya moto huipika damu. Haitoki tena."

Kisha akarudi kwenye ngoma na kuuliza tuanzie wapi. Nilimdharau. Mtu ana mikono ya kukamua mablanketi na anaitumia kukamua shati lake mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Ukumbi umejaa. Tumepiga vizuri kuliko siku zote. Hakuna aliyepigwa, na watu wameondoka kama waliopunjwa.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Nimesahihisha mitihani ya hesabu mpaka macho yameuma.

Jumapili, 17 Machi

Mwenye ukumbi ameniita ofisini kwake. Ni mzee safi, mpole, ambaye kila nikimwona anamenya chungwa kwa kisu kidogo na ganda linashuka bila kukatika.

"Binti, keti. Jumapili iliyopita hamkupiga mtu."

"Tulipiga muziki."

"Niliusikia. Ni mzuri, unatikisa meno. Lakini hawa watu wiki nzima wanatukanwa makazini. Wanataka kumwona mtu mmoja anayekataa. Kaka yako akikataa, wao wanalala vizuri." Akanipa kipande cha chungwa. "Muziki ni mchuzi tu, binti. Usikasirike."

Nilimweleza Kaka nikitumaini atakasirika. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe mwimbaji tunaye siku zote," akasema, akainua ngumi yake.

Jumapili, 24 Machi

Wawili leo. Mmoja alipanda jukwaani mwenyewe kujaribu bahati yake, wa pili alikuja kumchukua wa kwanza. Foleni ilifika hadi barabarani, kwenye mvua. Kaka ana jeraha juu ya jicho. Nilimshona mwenyewe nyuma ya jukwaa kwa sindano ya Dobi, ili tusiende zahanati na Mama asijue. Alijua. Alihesabu nyuzi.

Jumapili, 31 Machi

Mtu alinishika mguu katikati ya kibao. Nilimkanyaga mkono kwa kisigino, nikaendelea kumkanyaga kwa mapigo, moja, mbili, moja, mbili, bila kukosa noti hata moja. Kaka aliniangalia kama alivyoniangalia siku nilipopata shahada. Nimeoga mara mbili na bado nasikia vile vidole chini ya kiatu. Ninajua ninachopaswa kuhisi. Ninachohisi ni njaa.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemsaidia Dobi kukunja shuka. Inataka watu wawili: mnashika pembe, mnatembea kuelekeana, mnaachana, mnarudi. Kwenye kukaribiana mara ya tano nikamuuliza kwa nini anakubali.

"Kukubali nini?"

"Kupigwa. Wewe ungemkunja Kaka ukamtia kwenye kabati."

Alicheka kwa upande wa mdomo uliopona. "Mwalimu, mimi nimefua damu ya watu nisiowajua tangu nikiwa kijana. Hii anayonitoa Fundi angalau namjua mwenyewe." Tukaachana, tukarudi. "Na mtu anayepiga hivyo anaogopa. Ukimrudishia, anapata sababu. Mimi nangoja aishiwe na sababu."

"Asipoishiwa?"

"Basi tushike pembe zetu vizuri."

Jumapili, 14 Aprili

Kaka amevunja mlango wa bafu kwa sababu sabuni imeisha. Mama ameniangalia mimi, hakumwangalia yeye.

Ijumaa, 19 Aprili

Imeamuliwa. Jumapili ya tarehe ishirini na nane tunarekodi santuri yetu, wenyewe, ukumbini, watu wakiwepo. Kaka ameitengeneza mashine ya kurekodi iliyokuwa imelala kwenye rafu ya karakana yake miaka mingi. Alinionyesha vile vichwa vyake vya kusomea kanda, alivyovisafisha kwa pamba. Mikono ikishika bisibisi haitetemeki hata kidogo. Nilitamani Mama amwone hivyo, ameinama chini ya taa, anapumua kwa mdomo kama mtoto anayechora.

"Hii kanda ikitoka," akasema, "hatutamhitaji yule mzee wa machungwa. Wala ngumi. Nimechoka, mdogo wangu. Kifundo hiki hakikunjiki tena asubuhi."

Hajawahi kuniambia amechoka.

Jumapili, 28 Aprili, nyuma ya jukwaa

Mashine iko tayari pembeni mwa ngoma. Kaka anabadilisha nyuzi. Mvua inapiga bati hivi kwamba tunaongea kwa vidole.

Nimechungulia kwenye pazia. Yule wa tarehe tatu Machi yuko mstari wa mbele. Dobi amekuwa akimwita Mwenye Pua kila tukimkumbuka, kwa mzaha, lakini hana pua ya kuchekesha. Imelala upande kama mlango ulioachwa wazi. Amekuja na wenzake wawili na hawaongei.

Kaka ameniuliza, "Watu wakoje?"

Nimemwambia, "Wengi."

Leo kutakuwa na moto. Nataka uingie kwenye kanda.

Jumanne, 30 Aprili

Kaka yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo Mama aliloniuliza kwanza.

Ilikuwa kibao cha mwisho. Vyote vilivyotangulia vilikwenda bila ugomvi, na nakumbuka niliona uchungu kidogo kwamba havikuwa na ugomvi. Kaka alikuwa amesogea ukingoni, kushoto, spika kubwa ikimkinga nisimwone vizuri. Kisha sanduku likalia. Ngurumo kubwa kuliko zote, mpaka vumbi likaanguka toka kwenye dari. Nikasema moyoni: ameipiga kwa nguvu zake zote kwa ajili ya kanda. Nikawapa watu mgongo, nikamgeukia Dobi. Dobi akaingia papo hapo, bila kuchelewa hata unywele, na tukakimbia.

Mizunguko minne gitaa hunyamaza. Ikapita minne. Watu walikuwa wanapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia, nyembamba, za juu. Nikafikiri: anawachezea, anawaweka roho juu. Nikamkonyeza Dobi. Mzunguko wa sita. Wa saba. Sanduku lilikuwa bado linatoa ngurumo ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, nje kidogo ya mapigo, nami nikapenda zilivyokuwa nje ya mapigo. Nikazipamba. Nikaweka noti ya besi baada ya kila moja, kama jibu.

Ulikuwa mgongo wake. Alikuwa amelala juu ya sanduku, na kila walipompiga teke springi zililia.

Dobi ndiye aliyeona, kwa sababu yeye ndiye anayetazama mbele. Alisimama. Uso wake ulifanya kitu nisichoweza kukiandika. Akasema, "Mwalimu!" Ndilo neno la kwanza kusemwa na mmoja wetu jukwaani. Akaruka juu ya ngoma zake, sahani za shaba zikaanguka kila upande, na watu wakashangilia zaidi wakidhani nayo ni sehemu ya onyesho.

Nilipogeuka, mmoja alikuwa amesimama juu ya mkono wa kushoto wa Kaka, kwenye vidole, na viatu vyote viwili. Wa pili ameshika mguu wa chuma wa kiti. Mwenye Pua alikuwa amepiga magoti, na shingo ya chupa mkononi, na chini ya sikio la Kaka palikuwa pamefunguka. Mdomo wa Kaka ulikuwa umefungwa. Hakuita. Kisigino chake kilikuwa kinapiga sakafu. Mara mbili. Kinatulia. Mara mbili.

Alikuwa anatuambia tusimame.

Nilimpiga Mwenye Pua kwa besi mgongoni, kisha begani, kisha kichwani. Alianguka na nikaendelea. Besi ni nzito, inashuka yenyewe, kazi ni kuinua tu. Dobi alikuwa amewatupa wale wengine wawili chini ya jukwaa, sikuona jinsi gani, na sasa alikuwa na shati lake limekunjwa, amelikandamiza shingoni kwa Kaka kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alinishika kiuno toka nyuma.

"Basi, Mwalimu. Amelala. Basi."

"Niachie!"

"Kaka yako ananiishia mikononi, na mimi nina mikono miwili tu. Chagua unataka niutumie huu kwa nani."

Nikaiachia besi.

Wamemtoa vioo shingoni. Mshipa mkubwa umesalimika kwa upana wa ukucha, daktari alisema hivyo hivyo, akanionyesha ukucha wake. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimepondeka. Mwenye Pua yuko wodi ya pili, ufa kwenye fuvu, ataishi. Polisi wameandika maelezo yetu sote na wameonekana kuchoshwa nasi kwa usawa.

Mama alifika na kanga begani na kikapu cha nguo safi.

"Umemrudisha?"

"Nimemrudisha, mama."

"Mzima?"

Nilitazama kikapu. Alikuwa ameleta shati.

Jumatatu, 6 Mei

Mwenye ukumbi alikuja nyumbani na machungwa kwenye mfuko, na kanda yetu kwapani.

"Nimeisikiliza," akasema. "Miaka yangu yote sijasikia kitu kama hiki. Toeni hii kama ilivyo."

"Uliwaona wakiingia?" nikamuuliza.

"Niliwapa nafasi ya mbele mwenyewe." Hakuinua hata sauti. "Na wewe uliwaona, binti. Nilikuwa chini nikitazama pazia. Ulimwona, ukalifunga."

Nilichukua kanda na kumfungulia mlango. Machungwa yameoza kwenye kibaraza. Hakuna anayetaka kuyagusa.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Kaka amerudi nyumbani. Mama anamlisha kwa kijiko, naye anakubali.

Jumapili, 19 Mei

Nilimwambia Kaka leo. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake na kumwambia kwamba nilimwona Mwenye Pua toka nyuma ya pazia, na kwamba alipouliza watu wakoje nilijua ninachomficha.

Kovu la shingoni hupanda na kushuka akimeza.

"Lete kanda," akasema.

Tulisikiliza sisi watatu, mimi na yeye na Dobi, ambaye alikuwa amekuja na soksi za Kaka alizomfulia. Ngurumo ikalia. Tukaingia. Nilitaka kutoka, Kaka akanishika mkono kwa ule mzima. Besi yangu ikajibu kila teke. Ni nzuri. Nasikitika kuandika hivyo, lakini ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kupiga.

"Dobi," Kaka akasema, "hukuchelewa."

"Hapana, Fundi."

"Siku moja ambayo ningefurahi ukichelewa."

Dobi akaanza kucheka, akashindwa, akafunika uso kwa soksi.

"Hapo," Kaka akasema ghafla, akisogeza sikio. "Kisigino. Mara mbili. Mnasikia?"

Sikusikia chochote ila sisi wenyewe. "Hakisikiki, kaka."

"Mimi nakisikia." Akairudisha kanda nyuma, akaisikiliza tena. "Nilidhani nikiwaita nitakuwa nimevunja sheria. Vioo viko shingoni, mimi nawaza sheria." Akazima mashine. Akamgeukia Dobi, akamtazama mdomo, pale palipokuwa na kovu dogo. "Lile pigo la mdomo, lile la mwezi wa tatu."

"Lilishatoka, Fundi. Nilitumia maji ya baridi."

Kuhusu pazia hakuniambia neno. Ila hakuuachia mkono wangu mpaka usingizi ulipomchukua, na alinibana kwa nguvu, na iliuma, na sikuutoa.

Jumatatu, 27 Mei

Kaka mwenyewe amekwenda wodini kumwona Mwenye Pua. Hakuniambia waliongea nini. Alirudi kwa miguu, amelowa chapa chapa.

Jumapili, 2 Juni

Jua. Shuka zote ziko nje leo, uani, nyeupe mpaka zinaumiza macho, na chumba cha kuanikia ni kitupu. Tumegundua kwamba tunapiga kelele mno. Sauti inagonga ukuta na kuturudia usoni. Ilibidi tujifunze upya, taratibu.

Vidole viwili vya Kaka vya mkono wa kushoto vinakunjika. Vinatosha besi, kama haikimbizwi. Kwa hiyo solo ni yangu, na sanduku la mwangwi liko chini ya mguu wangu. Mama amekuja, amekaa juu ya kapu la nguo chafu karibu na mlango, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri basi.

Kaka ameipachika kanda ile ile. "Tunarekodi juu yake," akasema. Hakuna aliyebisha. "Na sheria ni moja. Anayetaka tusimame, aseme. Kwa mdomo."

Tulipiga kibao cha mwisho, kile kile. Kilikwenda. Mkono wangu ulichomeka kwenye ule uzi mmoja, mbio, mbio, mpaka nikaacha kuuona, na ile njaa ikaja, naijua sasa ikitokea mbali. Tulipofika mahali pale, mguu wangu ulikwenda wenyewe. Nikalipiga sanduku.

Ngurumo ilijaa chumba.

Dobi aliinua vijiti na kuviacha hewani. Nami, ambaye nilijua ni mguu wangu, nilijikuta nimegeuka, nyuzi zote zimenyamaza, namtafuta kwa macho. Mama alikuwa amesimama. Springi ziliendelea kulia, zikapungua, zikapungua.

Kaka alikuwa ameegemea ukuta, besi kifuani.

"Nipo," akasema. "Pigeni."

Tukapiga. Baadaye Dobi aliuliza kama tufute pale na kurudia, maana sisi hatuna mwimbaji na sasa kuna sauti ya mtu katikati ya kibao.

Kaka alimtazama Mama, ambaye alikuwa amekaa tena kwenye kapu lake.

"Iache," Mama akasema.